Uyoga Uliolowekwa Kama Kaki

Gazeti lenyewe lilikuwa kipande tu, tena kimelowa. Lilikuja limefungia uyoga. Kinyozi, mtu asiyeweza kuona herufi zimekaa bure bila kuwasomea watu, alilitoa mezani kwa fundi cherehani, akalikung'uta, akatoka nalo barazani.

"Sikilizeni nyie! 'Uyoga watajwa kuwa nyama ya wasiokula nyama.' Imeandikwa hapa, siyo maneno yangu."

"Imeandikwa na nani?" aliuliza mwenye bucha. "Na uyoga?"

Wakacheka. Kijiwe chao kilikuwa benchi mbili na jiko la mkaa mbele ya chumba cha fundi, na hakuna aliyefika pale akabaki na jina alilopewa na wazazi wake. Kinyozi walimwita Taarifa. Mwenye bucha walimwita Mnofu. Karani mstaafu walimwita Kwa Mujibu, maana hata sukari hakuweza kuiomba bila kuanza na maneno hayo. Mwenye jiko na birika alikuwa Mama Vikombe. Na fundi cherehani, mwenye uyoga wake, alikuwa Sentimita.

Sentimita hakucheka. Siku hiyo hakuwa na meno ya kucheka.

Mke wake alikuwa kwa mama yake, wiki ya tatu sasa. Mama mkwe huyo hajatia nyama mdomoni mwaka wa tisa, na hilo Sentimita alilijua vizuri. Lakini alipokuja kuwatembelea, Sentimita alimpakulia maharage yaliyochemshwa kwa supu ya mifupa, akaapa mbele ya mkewe: "Maji na chumvi tu, mama." Kijiko cha nne mama mkwe akatema kijipande cha mfupa kiganjani, akakitazama, akamtazama mkwewe, kisha akamwambia binti yake neno moja: "Twende."

Jana ujumbe ulikuja. Angefika leo saa saba mchana. Sentimita apike mwenyewe, chakula kisicho na nyama wala uongo. Akila akaridhika, mke atarudi. Akidanganywa tena, asitume mtu, asipige simu.

Na sasa ilikuwa saa tano.

"Kwa mujibu wa ninavyoona," alisema karani, akichungulia ndoo iliyokuwa miguuni kwa fundi, "hii ni nguo imelowekwa."

"Ni uyoga, mzee wangu."

"Ndani ya maji?"

"Tangu alfajiri."

Taarifa alishusha gazeti. "Umeloweka uyoga tangu alfajiri? Unataka uote mizizi?"

"Nyie hamjui kitu," alisema Sentimita, akijipangusa kijasho kwa utepe wa kupimia uliokuwa shingoni. "Aliyeniuzia amenionya: uyoga huu ukiingia jikoni unasinyaa. Sasa mimi ni mtoto wa juzi? Miaka kumi na sita nashona sare za shule. Kaki ikija inasinyaa, unailoweka kwanza, inasinyaa huko huko kwenye ndoo, inamaliza ujeuri wake, ndipo unakata. Ukikata kavu, mtoto akifua mara moja suruali inakuwa kaptula."

"Kwa hiyo," alisema Mnofu polepole, "umeusinyaisha mapema."

"Kabisa."

"Mbona umevimba?"

Wote waliinama juu ya ndoo. Kweli, uyoga ulikuwa umenenepa, umelegea, unaelea kama sponji za kuogea.

"Na nimeacha kavu konzi moja," aliongeza Sentimita, kwa sauti ya mtu anayejitetea. "Imo kwenye karatasi pale juu ya cherehani. Ya viraka."

"Ya nini?"

"Viraka. Fundi hatumii kitambaa chote. Likitokea la kutokea, unapata pa kuzibia."

Mnofu alishikilia mbavu. "Jamani, mama mkwe atashonewa chakula!"

Mama Vikombe, aliyekuwa anapanga vikombe, alisema bila kuinua macho, "Uyoga hautaki maji, ndugu zangu. Unataka kikaango kikavu, chenye moto, na..."

"Mama, subiri kwanza," alimkatiza Taarifa. "Hapa tunajadili. Sentimita, na humo chumbani mwako mbona kunanuka kabichi iliyoungua?"

Sentimita aliurudishia mlango kwa kisigino. "Pasi hiyo. Ina kutu."

"Kutu inanuka kabichi?"

"Tuzungumze uyoga!"

Kamati ikakaa. Kwa kuwa jiko la Sentimita lilikwenda na mkewe, waliamua kupikia kwenye jiko la kahawa. Mama Vikombe aliombwa asogeze birika. Hakuombwa kitu kingine.

"Utakatwaje?" aliuliza Taarifa.

Sentimita alikwishatoa mkasi. Aliutandaza uyoga mmoja juu ya ubao, akaupima kwa utepe, akauwekea alama ya chaki.

"We! Chaki inaliwa?" alipiga kelele Mnofu. "Ndugu yangu, lete kisu. Mimi nimekata vitu vyenye mifupa, sembuse hiki kisichokuwa hata na uso."

"Wewe kaa mbali. Mikono yako inanuka ng'ombe."

"Mikono hii imekulisha miaka!"

"Na ndiyo iliyonitenganisha na mke wangu! Ile mifupa ya supu nilinunua kwako."

"Nilikuuzia mifupa, sikukuuzia kiapo."

Hapo hata Kwa Mujibu alipiga goti lake kwa kofi. Sentimita akakata vipande vyote sawasawa, sentimita mbili kwa tatu, kwenye pindo akiacha nafasi ya mshono kwa mazoea tu. Uyoga ukajaa kikaangoni hadi ukapanda kama kichuguu. Alisimama akautazama, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ukakunjuka.

"Utamtosha yeye na jirani zake," alisema.

Mafuta yalikuwa ya alizeti, yakalia kidogo, kisha yakanyamaza. Maji yakaanza kutoka. Yakatoka kidogo, yakatoka sana, yakapanda hadi ukingoni.

"Tunakaanga au tunafua?" aliuliza Taarifa.

"Kwa mujibu wa kitabu kimoja nilichowahi kukisajili ofisini, chakula kikitoa maji kinaongezewa chumvi."

"Chumvi ndiyo inayoyatoa," alisema Mama Vikombe. "Chumvi inangoja mwis..."

"Tia chumvi, Sentimita! Mzee kasema kasajili kitabu."

Sentimita akatia. Maji yakaongezeka. Mnofu alishauri kifuniko, kwa kuwa kila kigumu hulainika kikifunikwa. Taarifa aliuliza ugumu gani, uyoga umelegea kuliko kitambi cha Mnofu mwenyewe. Mnofu akajibu kwamba kitambi hicho kimejengwa kwa nyama, ndiyo maana kimesimama imara, kije kijengwe kwa uyoga tuone kama kitavuka barabara. Kikaango kikafunikwa. Mabishano yakahamia kwenye mambo makubwa: iwapo uyoga ni mti, ni mnyama, au ni kitu kilichokataa kujiandikisha popote. Kwa Mujibu alisimama kabisa kulieleza hilo. Alisema ofisini kwao kitu kisichoingia faili la miti wala faili la wanyama kingeandikwa "mengineyo", na mengineyo, kwa utaratibu, huwa hayaliwi.

Walipofunua, saa ilikuwa sita na nusu. Maji yalikuwa yameisha. Uyoga pia.

Sentimita alikodoa macho. Kile kichuguu kilikuwa kimebaki vipande vyeusi vyeusi, vimejikunja katikati ya kikaango. Ungevikusanya visingejaza kisahani cha kikombe cha kahawa.

"Nani amekula?"

"Kula nini?"

"Nauliza nani amekula! Vilikuwa vimejaa hivi!"

"Mtazame huyo, mdomo unang'aa," alisema Taarifa, akimwonyesha Mnofu.

"Mimi? Mimi nile uyoga? Watu wakiniona bucha si itafungwa!"

"Fungua mdomo."

Mnofu akafungua. Kwa Mujibu alivaa miwani, akakagua. Taarifa naye akaambiwa afungue, na Kwa Mujibu, kwa haki, akavua kofia akafungua wa kwake. Watu wazima watatu walisimama barazani wamepanua midomo mbele ya fundi kama wako kwa daktari wa meno.

"Hakuna aliyekula," alisema Mama Vikombe. "Uyoga ndivyo ulivyo."

"Lakini niliuloweka!" Sentimita alikaa kwenye benchi, mkasi bado mkononi. "Atakuja, atakuta hiki. Atasema nimemdharau. Mke wangu ndiyo basi."

Hapo hata Taarifa alilikunja gazeti. Mnofu alisogea, akamwekea mkono begani, akanong'ona.

"Usilie, shemeji. Mwenzio nilishaona mbali. Wakati nyinyi mnabishania mti na mnyama, nilitia humo kijipande cha mafuta ya ng'ombe. Kidogo tu, kama ukucha. Kimeyeyuka, hakina mfupa, hakina ushahidi. Na hapa nina nyama ya kusaga, imekaangwa tayari. Changanya, itaonekana uyoga wote. Hatajua."

Sentimita aligeuza shingo taratibu. "Umetia nini?"

"Nimekuokoa."

"Umetia *nini*?"

"Hodi hapo," ilisema sauti ya mwanamke.

Mama mkwe alikuwa amefika mapema. Alikuwa na mkoba mdogo, viatu vya kufunika, na macho yaliyokwishapita kwenye ndoo, kwenye chaki, kwenye kikaango, hadi kwenye kifurushi cha nyama cha Mnofu, ambacho Mnofu alikikalia palepale. Salamu zikapita kinywa hadi kinywa. Alipewa benchi nzima peke yake. Sentimita alimpakulia kwenye kisahani vile vipande vyote.

Mama mkwe alishika kijiko. Kabla ya kukipeleka mdomoni akauliza, kwa upole kabisa:

"Humu kuna nyama?"

"Hakuna!" walijibu watatu kwa mpigo. Mnofu ndiye aliyejibu kwa nguvu zaidi, kwa sababu kifurushi kilikuwa kinamchoma.

"Sijawauliza nyie."

Sentimita alitazama kijiko. Kilikuwa kimesimama hewani, karibu na midomo. Nyuma ya mama mkwe, Mnofu alikuwa anamkonyeza hadi uso mzima ukashiriki. Uongo wenyewe ulikuwa mfupi. Mara ya kwanza, kwenye maharage, ulimtoka bila taabu.

"Ipo, mama," alisema. "Nyama siyo, ila mafuta ya ng'ombe yamo. Nimejua sasa hivi. Na uyoga wenyewe nimeuharibu, niliuloweka usinyae kabla, kama kaki. Usile."

Kijiko kilirudi kwenye kisahani. Taarifa alifumba macho. Kwa Mujibu akaanza kutafuta kofia yake aondoke.

"Uliuloweka," alisema mama mkwe, "kama kaki."

"Tangu alfajiri."

Mama mkwe aliuangalia utepe shingoni mwake, akaangalia vile vipande vilivyokatwa sawasawa, vyenye pindo. Kitu kilitikisika pembeni mwa mdomo wake, akakizuia.

"Hakuna kingine cha kula hapa?"

"Viraka vipo," alisema Mama Vikombe.

Hakungoja ruhusa ya kamati. Aliingia chumbani kwa fundi, akakaa humo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuokota karatasi, akatoka na ile konzi ya uyoga usiolowekwa, akijibana asicheke. Alisugua kikaango kingine, akakibandika kikavu hadi kikaanza kutoa moshi. Uyoga akaupangusa kwa kitambaa, akauchanachana kwa vidole, akautawanya bila kuurundika. Ukalia. Hakuugusa. Baadaye akaugeuza mara moja, rangi ya hudhurungi ikaonekana, akadondosha mafuta ya alizeti, kitunguu saumu kilichopondwa, na mwisho kabisa chumvi. Haikufika hata muda wa Taarifa kumaliza ndevu za mteja mmoja. Harufu ikapanda, na Mnofu, mtu wa ng'ombe tangu kuzaliwa, akameza mate hadharani.

"Mama Vikombe! Ulikuwa unajua kupika hiki?"

"Nimesema tangu saa tano."

"Mbona hukupaza sauti?"

"Mlikuwa mnajadili."

Mama mkwe alikula na mkate, polepole, hadi kisahani kikabaki cheupe. Akapangusa mdomo.

"Binti yangu atarudi kesho," alisema. "Siyo kwa ajili ya huu uyoga, maana huu si wako. Atarudi kwa sababu nimekuuliza ukajibu. Na pia naogopa. Mtu anayeloweka uyoga kama kaki, nikimwacha peke yake mwezi mmoja mwingine nitamkuta anapiga pasi kabichi."

Kijiwe kikapasuka. Mnofu alicheka hadi akakiponda kifurushi chake. Kwa Mujibu alivua miwani, akajifuta machozi. Mama Vikombe aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Sentimita peke yake hakucheka. Alikuwa anautazama mlango wa chumba chake.

Taarifa ndiye aliyenyamaza wa kwanza. Alinusa hewa, akanusa tena.

"Sentimita," alisema. "Ile kutu ya pasi..."

"Yalikuwa hayalali," alisema Sentimita kwa sauti ndogo. "Majani ya kabichi. Nilitaka nifungie uyoga, yakawa yanajikunja. Nikasema yapate moto kidogo tu, wa chini, kama wa hariri."

Mama mkwe alisimama, akachukua mkoba wake.

"Nimesema kesho? Nimekosea," alisema. "Anarudi leo."