Mifupa Yangu Inang'aa

Jumatatu, 4 Machi
Habari mbaya kabla hata ya chai. Profesa katuambia kazi ya kuosha mifupa ya kale iliyofukuliwa itabaki na mtu mmoja. Tupo wawili: mimi na Kimbelembele, yule anayecheka hata Profesa akikohoa. Naishi sebuleni kwa dada, na shemeji ameanza kupima kochi kwa macho.

Jumanne, 5 Machi
Nina mpango! Mifupa ya ng'ombe wa wakulima wa kale imegandwa na udongo, nasi tunapewa brashi laini. Upuuzi. Nimechukua jikoni kwa dada waya wa kusugulia masufuria. Treya nzima inang'aa. Roho yangu kwatu.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwisha. Kimbelembele kaikagua treya yangu kwa lenzi, kakimbilia kwa Profesa. Kaona mikwaruzo mingi. Eti wakulima wale walikwangua nyama hadi chembe ya mwisho, eti palikuwa na njaa kali! Njaa gani? Ni waya wa dada! Profesa kamsifu mbele yangu. Nikisema, kazi sina. Nikinyamaza, kazi yake.

Alhamisi, 7 Machi
Sikulala. Kijiji kizima kimekufa njaa kwa ajili yangu. Shemeji kauliza habari za mkataba. Nikajifanya nasikiliza redio. Ilikuwa imezimwa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimesema ukweli kuhusu waya. Si kwa uaminifu, ni kwa vile Kimbelembele alikuja amevaa tai kana kwamba kazi keshaipata. Nilidhani Profesa atafoka. Hakufoka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alichukua mfupa wa mguu, akanionyesha kiungo kilivyovimba. Ng'ombe huyu alivuta jembe mpaka uzeeni, akaeleza. Hawakumchinja hadi aliposhindwa kabisa, ndipo wakamla, wakapasua mifupa wapate uboho. Maisha ya kubana, lakini si njaa.

"Uvimbe hukuweza kuufuta," akasema. "Alama za visu vyao umezifuta. Hatutaziona tena."

Niliona aibu, ile ya kweli, ya kuuma kifuani. Kimbelembele naye kaambiwa alikurupuka. Jumatatu kila mmoja atapewa treya ya mwisho, ndipo Profesa aamue. Nimeapa: sikwaruzi tena mfupa wowote.

Jumapili, 10 Machi
Waya nimemrudishia dada. Nimenunua dawa ya kutoa madoa, ile kali ya mashuka meupe, inayotafuna hata kitambaa ukizidisha. Unaloweka tu, unakaa pembeni. Haina hata mkwaruzo mmoja. Profesa atafurahi.