Nundu ya Mtaro wa Chini

Sogeeni, enyi wenye majembe, nanyi mlioyaazima bila kuyarudisha. Wekeni vikombe chini, punguzeni redio, mpate kusikia habari kubwa ya Priscilla Katunge, Mama Ndila, bibi wa shamba lililoinama, mlinzi wa udongo mwekundu, ambaye chini ya mlima Sagalla, upande unaotazama Voi, aliiangusha nundu yenye urefu wa mbuzi aliyelala. Wako walioimbiwa kwa kuteka miji. Katunge alisawazisha mtaro, na tangu lini mji uliotekwa ukazuia mmomonyoko?

Kwanza chanzo cha vita kijulikane. Msimu uliopita Katunge alipata mbolea ya ruzuku, akaitia shambani kwa mkono wa adabu, shimo baada ya shimo. Mvua ya kwanza ikashuka mlimani kama jeshi lililocheleweshewa mshahara, ikaibeba mbolea pamoja na udongo ulioishika, ikavuka mpaka, ikavitua vyote katika shamba la jirani wa chini, Mzee Mwandawiro. Mahindi ya Katunge yakatoka mafupi, ya manjano, yenye haya. Maboga ya Mwandawiro yakanenepa hata yakawa yanakaliwa kama viti. Naye Mwandawiro, mtu mcheshi asiye na huruma, akapanda mteremko na boga moja begani.

"Mama Ndila," akasema, "nimekuja kushukuru. Serikali inakupa wewe, mvua inaniletea mimi. Waambie wasibadilishe kitu."

Katunge alilipokea boga kwa mikono miwili, akalipika, akalila, na katika kila tonge aliitambua mbolea yake.

Mwaka huu ruzuku ilikuja na sharti. Mwenye shamba la mteremko hapati mbolea kabla ya kuchimba mitaro ya fanya juu: udongo hutupwa upande wa juu ukawa tuta, na mtaro ukabaki chini ya tuta kuyanywa maji. Tena mtaro uwe sawa kutoka ncha hadi ncha, kwa kuwa ulioinama ni mfereji tu, unaowaharakishia wezi safari. Sharti hilo halikuwa na ukatili ndani yake. Mbolea iliyotiwa kwenye mteremko mtupu ni ya jirani.

Ndipo Katunge akaita mwethya, kundi la kusaidiana ambalo Wakamba walihama nalo pamoja na sufuria zao. Walikuja wanawake, wakiongozwa na Teresia Kasiva, Sauti Ivukayo Mabonde. Walikuja wanaume, wakiongozwa na Nzuki, Mwenye Jembe Lisilolegea Mpini. Na desturi ya kundi hili ilikuwa hivi: wanawake huanza ncha moja na wanaume ncha nyingine, wakachimba wakielekeana, wakitaniana kwa nyimbo, hadi kigingi kilichopigwa katikati. Watakaochelewa huosha sufuria za wote. Mwenye shamba hagusi jembe kamwe. Enzi yake ni chungu cha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Akigusa jembe, amewaambia wageni kwamba hawajui kuchimba, nao huondoka bila kuaga.

Mitaro ya juu ilikwisha bila dosari. Katika mtaro wa mwisho, ulio mpakani, juu tu ya kitalu cha nyanya cha Mwandawiro, majeshi mawili yalikutana kwa kishindo, na kila upande ukapiga kelele za ushindi. Kumbe kigingi kilikuwa kimeng'olewa. Kila mtu alijua na nani, na hakuna wawili waliomtaja mtu mmoja. Pale kiliposimama pakabaki nundu ya udongo, na hakuna aliyeinua jembe juu yake, maana kuichimba ni kukiri kwamba ilikuwa sehemu yako.

Afisa wa kilimo, Sharon wa Macho Makavu, akafika kwa pikipiki, buti nyekundu kwa vumbi. Akatembea ndani ya mtaro hadi nundu ikamsimamisha.

"Hii ni nini?"

"Ya akina mama hiyo," akasema Nzuki.

"Ya wanaume, madam," akasema Kasiva.

"Mimi naona ni ya Mama Ndila," akasema Sharon. "Mvua ikija, maji yatajaa upande mmoja, yapasue ukingo, yashuke na shamba. Naenda kuangalia shamba lingine. Nikirudi nataka kuona maji yamelala humu, sawa, toka mwanzo hadi mwisho. La sivyo, mama, mbolea mpaka msimu ujao."

Msimu ujao! Juu ya mwamba wa Katunge palibaki udongo wa kina cha kiganja. Mvua chache za namna ile, naye angekuwa analima jiwe. Akawageukia mashujaa wake, mwiko mkononi.

"Jamani, nundu."

Nzuki akaegemea jembe lake, akatunisha kifua. "Enyi wanawake wa mwethya! Sisi tulifika hapa jua likiwa bado changa, tukasimama tukiwangoja, mpaka migongo yetu ikapoa. Itakuwaje mshindi amchimbie mshinde?"

"Mlisimama kweli," akasema Kasiva. "Tuliwaona. Tangu asubuhi mmesimama. Nzuki, hiyo nundu imeachwa nusu kama choo chako cha nyumbani."

Vicheko vikapasuka pande zote mbili, lakini hakuna jembe lililoinuka.

Chini ya mpaka, Mwandawiro alikuwa ameketi juu ya boga, akivifurahia vita vya wengine. Katunge alimtazama. Akatazama nyanya. Akatazama tangi lake, lenye maji ya mvua aliyoyalinda miezi yote ya kiangazi, maji ya kunywa, ya kupikia na ya kumnawisha mgeni. Jembe alikuwa amekatazwa. Maji hakuna aliyemkataza. Akauburuta mpira wa tangi hadi upande wa wanawake, akafungulia.

Yakaja maji! Yakaunywesha mtaro uliokuwa na kiu, yakaenda kifua mbele hadi nundu, yakazuiwa. Yakapanda, yakatafuta njia, yakaanza kuulamba ukingo wa chini. Ulimi mwembamba ukatoka, ukateremka taratibu kuelekea kitalu.

Mwandawiro akainuka kutoka juu ya boga. "Mama Ndila! Funga hayo maji!"

"Nitafungaje, mzee? Madam amesema ayakute mtaroni."

"Yanakuja kwa nyanya zangu!"

"Si ulisema tusibadilishe kitu?"

Hapo Mwandawiro, simba wa maboga, aliyekuwa hajakimbia tangu ujana wake, akaruka mpaka, akamnyang'anya Nzuki jembe, akaishambulia nundu. Akaipiga ubavuni, akaipiga shingoni. Madongoa yakaruka juu ya tuta, pale pale yanapotakiwa. Kofia ikamwanguka, asiiokote. Nundu ikatetemeka, ikapasuka, na maji yakapita katikati yake, yakaenea, yakatulia kama shuka iliyotandikwa.

Kasiva akaielekezea kidole nundu iliyopasuka.

"Nani ameichimba?"

Wote wakamtazama mzee mwenye jembe.

"Basi ilikuwa yake."

"Sheria ni sheria, mzee," akasema Nzuki, akikubaliana na Kasiva kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Sufuria ziko pale."

Sharon aliporudi, akainama, akayatazama maji toka ncha hadi ncha, akatamka neno moja ambalo watu wa mteremko ule bado wanalirudia: "Sawa." Kisha akamwona Mwandawiro, masizi hadi viwikoni.

"Na huyu mzee?"

"Mchimbaji wetu bora," akasema Katunge.

"Madam," akalia Mwandawiro, "mbolea ikikaa huku juu, mimi huko chini nitalimia nini?"

"Jiandikishe ya kwako, mzee. Lakini uchimbe kwanza."

"Nani atanichimbia?"

"Sisi," akasema Kasiva. "Wewe andaa chungu tu. Na usiguse jembe."

Basi na ikumbukwe chini ya Sagalla, kizazi baada ya kizazi: mvua ilipokuja, Katunge alisimama mtaroni chini ya mwavuli uliovunjika mbavu, akayaona maji yakiingia, yakisimama, yakizama, na usiku ule udongo ulilala kwao.

Maboga yake ya kwanza yalipoiva, alibeba moja begani akashuka nalo kwa jirani. Lilikuwa dogo. Alilichagua makusudi.