Korongo Wamerudi, Dirisha Langu Linaondoka

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Korongo wamerudi bwawani, tena kwa wingi. Bosi anacheka kutwa. Anasema sensa ya Alhamisi ikipata korongo mia, hawatahesabika tena kuwa hatarini kutoweka, tutawatangaza salama. Ofisi nzima ikapiga makofi. Nami nikapiga, kwa shida. Mimi ndiye Mlezi wa Korongo Walio Hatarini. Wakiwa salama, nitamlea nani? Hiki chumba chenye dirisha atapewa Bwana Vyura, mwenzangu anayeshughulikia vyura. Leo ameingia na futi kamba kupima patakapokaa kabati lake. Sijafa bado!

Jumanne, 4 Machi
Dawa nimeipata. Korongo hawapendi kelele. Nimeficha redio ya nyumbani kwenye matete, sauti juu kabisa. Mke wangu kauliza redio iko wapi. Nikamwambia iko kwa fundi. Jioni nimeikuta imezama nusu, kimya, na korongo kasimama juu yake kwa mguu mmoja. Kanitazama kama shemeji anayetaka kujua chakula kitaiva saa ngapi.

Jumatano, 5 Machi
Sasa ni vita. Nimeunda sanamu la kutisha ndege: fito mbili, dumu la plastiki kwa kichwa, na koti langu la mvua la kijani lililozeekea kazini. Nimelisimika katikati ya bwawa. Nilipogeuka kuliangalia, nilishtuka mwenyewe! Mke wangu kauliza koti liko wapi. Liko kwa fundi. Akasema huyo fundi mwaka huu atajenga ghorofa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwisha. Bwawa lilikuwa jeupe pee. Korongo wote wamelizunguka sanamu, midomo wazi, wanavutana mifuko ya koti. Hata wa mabwawa ya mbali walikuja! Bwana Vyura akawaeleza watu, kwa furaha ya kuudhi: hawa walipokuwa makinda yatima miaka ile, nani aliyewalisha samaki kutoka mifuko ya koti la kijani? Mimi! Nimewaita mezani kwa mkono wangu. Mia ilipita hata kabla ya chai. Bosi akanikumbatia, akasema hajawahi kuona mbinu ya sensa kama hii. Nikalia. Wakadhani ni furaha. Na kidogo ilikuwa furaha: yule wa mguu uliopinda, niliyelala naye sakafuni akiumwa, alikuwa mbele kabisa.

Ijumaa, 7 Machi
Korongo ni salama, rasmi. Dirisha ni la Bwana Vyura. Ila nimepewa cheo kipya: Mlezi wa Bundi Walio Hatarini. Wamebaki wachache mno. Raha iliyoje! Chumba hakina dirisha, lakini kiti kinazunguka. Nimeapa: safari hii hakuna kulisha, hakuna kubembeleza. Wabaki wachache, nami nibaki kazini.

Mchana wameniletea kinda aliyeanguka kiotani. Anatetemeka, maskini. Nimempa kipande cha nyama, kimoja tu. Basi, vitatu. Koti langu linanuka korongo, kwa hiyo nilivaa la mke wangu, la manjano. Limechafuka. Akiuliza, liko kwa fundi.