Baba Mdogo Alivyotafsiri Usaili Wangu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mabara mawili kwa mpigo.

Nipo chini ya neti, mlango nimeufunga kwa komeo, na sitoki. Naandika mwenyewe kabla habari za mtaa wetu wa Kibirizi hazijawafikia, maana huko mtaani kisa tayari kimeshaongezewa mikono na miguu.

Mnanijua. Mimi ndiye Zawadi wa divisheni wani ya pointi tatu. (Nitaitaja mara moja tu. Sawa, labda mara mbili.) Toka matokeo ya kidato cha sita yatoke, kazi yangu imekuwa moja: kupiga hesabu ya chuo gani kitanichukua. Mimi na rafiki yangu Neema tumevipanga vyuo kama timu za ligi. Kuna udaktari hapa hapa nchini, pale ambapo kila kipanga wa masomo anapataka: nafasi ninayo, ila nisilale. Kuna chuo cha akiba: hicho naingia hata nikiwa nimefumba macho. Halafu kuna kile cha ng'ambo, kinacholipa kila kitu mpaka tiketi ya ndege, na kinachukua watu wachache utadhani wanachagua wakwe. Hicho tulikiita Ndoto.

Neema alinionya mapema. "Zawadi, kule kila anayeomba ana A zote. A kwao ni kama dagaa Kibirizi. Utamshangaza nani umebeba dagaa?"

"Sasa wanataka nini?"

"Wanataka mtu mwenye kitu."

Kitu gani? Hawasemi! Mimi kitu changu ni kusoma. Nikitoka kusoma, napumzika kwa kusoma.

Basi Ndoto wakaniandikia. Nimepita mchujo wa kwanza, watanihoji kwa video, leo saa tisa alasiri. Nilipiga kelele mpaka kuku wakahama uwanja.

Nyumba yetu iko juu kidogo ya mwalo, pale boti zinaposhusha dagaa. Mchana pale ni injini, wachukuzi wanaotukanana kwa upendo, na akina mama wanaoita wateja. Mama yangu ni mmoja wao. Sauti yake inavuka ziwa hadi Kongo bila boti. Nikamwambia, "Mama, ninaomba kitu kimoja tu. Saa tisa pawe kimya."

Mama akajifunga kanga kiunoni. "Niachie mimi."

Nikamwachia. (Shikeni hapo. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.)

Saa nane na nusu nimekaa mezani. Koti la shule nimelipiga pasi mpaka linang'aa. Kompyuta ya kuazima nimeiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, ili kamera inione uso na si matundu ya pua. Mbele yangu dirisha, na nje ya dirisha ziwa. Na kimya! Kibirizi nzima kimya! Hata bata wa jirani walikuwa wanatembea kwa adabu. Nikasema moyoni, mama yangu ni waziri aliyekosa wizara.

Saa tisa kamili wakatokea wawili. Mama mmoja mwenye miwani nyekundu na bwana mmoja mwenye upara. Wanatabasamu. Mama wa miwani akaanza kwa Kiingereza, taratibu, "Karibu Zawadi. Tuambie wewe ni nani."

Nami kwa Kiingereza changu, kile nilichokifanyia mazoezi mbele ya kioo, nikajibu, "Naitwa Zawadi. Natoka Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika."

Chini ya dirisha sauti ikanguruma kwa Kiswahili:

"ANASEMA JINA LAKE ANAITWA ZAWADI! ANATOKA WAPI? ANATOKA KIGOMA! KANDO YA ZIWA!"

Na umati ambao sikujua kama upo ukaitikia, "AMINA!"

Nikaganda.

Sauti ile naijua. Ni ya baba mdogo Eliya, mdogo wake baba. Baba mdogo ni mkalimani wa mikutano ya injili. Mhubiri yeyote wa kigeni akifika mjini, anayesimama pembeni yake ni yeye. Mhubiri akiruka, baba mdogo anaruka. Mhubiri akilia, baba mdogo analia, tena zaidi yake. Kiingereza kikipita karibu naye hawezi kukiacha kipite bure. Kuna siku msibani mtu alipiga simu, ikasema kwa Kiingereza namba haipatikani, naye akasimama akatafsiri.

Nikaelewa kila kitu. Mama alizunguka mwalo mzima akiwaomba watu wanyamaze. Watu wakakubali. Kisha, kwa mapenzi mema kabisa, wakaja kuulinda ukimya wenyewe chini ya dirisha langu. Na kwa kuwa wamekuja, na Kiingereza hawakijui, Mama akawatafutia mkalimani. Mama anafikiria kila kitu!

Yule bwana wa upara akasogea karibu na kamera. "Kuna mtu mwingine hapo?"

"Hapana," nikasema. Nikakohoa kwa nguvu, kikohozi cha kumaanisha *baba mdogo, nakuomba*.

"ANAKOHOA!" akatafsiri.

"Pole!" umati ukajibu.

Swali la pili: kwa nini udaktari? Hili nililijua vizuri. Nikasema nataka kuwahudumia akina mama wa vijiji vya kando ya ziwa, kwa sababu mjamzito akizidiwa huko lazima apandishwe boti, na ziwa likichafuka hakuna boti. Nilisema kwa unyenyekevu, kwa sauti ya chini.

Baba mdogo hakuwa na unyenyekevu wowote.

"ANASEMA AKINA MAMA WATAJIFUNGUA SALAMA! WATAJIFUNGUA MWAMGONGO! WATAJIFUNGUA MPAKA MPAKANI! ZIWA LICHAFUKE, LISICHAFUKE, WATAJIFUNGUA!"

Vigelegele! Mtu akapiga ndoo kama ngoma.

Mama wa miwani akavua miwani. "Zawadi, hizo ni sauti gani?"

Ubongo wangu wote wa pointi tatu (mara ya pili, nimemaliza) ukaniletea jibu moja tu.

"Ni redio. Redio ya jirani."

Kisha baba mdogo, kwa mara ya kwanza bila mbwembwe, akatafsiri polepole kama mtu anayesoma matangazo ya vifo:

"Anasema... sisi ni redio."

"Redio?" Ile ilikuwa sauti ya bibi yangu. Bibi alikuja kwa boti asubuhi kutoka kijijini kwake Mwamgongo kwa ajili yangu.

"Nyamaza, Bibi," mtu akanong'ona, "mtoto yuko kwenye mtihani."

Yule bwana wa upara akauliza swali la tatu. Nadhani alitaka kunisaidia. "Tuache masomo kidogo. Nje ya darasa, unafanya nini?"

Kile kitu! Wanataka kile kitu! Nikafikiri. Hamna. Nikafikiri tena. Nasoma. Macho yakatoka nje ya dirisha, yakaona maji ya buluu, makubwa, mazuri, na mdomo ukaondoka peke yake bila ruhusa yangu.

"Naogelea," nikasema. "Naogelea sana. Pia nawafundisha watoto wa hapa kuogelea, ili wasizame."

Baba mdogo akatafsiri. Safari hii hakuna aliyesema amina.

"Anaogelea wapi?" akauliza Mama Rehema, jirani yetu.

"Labda kwenye beseni," akajibu mchukuzi mmoja.

Kisha kichwa cha Bibi kikachomoza dirishani, kilemba kwanza, uso baadaye. "Zawadi, mimi ndiye redio?"

"Bibi, shikamoo, tafadhali..."

"Marahaba. Huyu!" akawageukia watu. "Huyu akija kwangu Mwamgongo anashushwa botini kwa kubebwa mgongoni! Maji yenyewe ya magotini! Na bado anafumba macho na kumwita mama yake!"

Sasa, wazungu hawajui Kiswahili. Ningeweza kusema Bibi ananibariki. Lakini nilisahau kwamba mkalimani mzuri hachagui upande. Baba mdogo akageukia dirisha, akajaza kifua, akaanza kutafsiri maneno ya Bibi kwa Kiingereza, neno kwa neno. Alipofika kwenye kubebwa, akapinda mgongo kuonyesha. Alipofika kwenye kumwita mama, alilia.

Nikaruka kwenda kufunga dirisha. Kiwiko kikagonga ndoo. Ndoo ikaondoka, nami nikaanguka nayo. Kompyuta ikateleza mezani, ikajigeuza, ikaegemea kizingiti cha dirisha huku kamera ikiangalia nje. Haikuvunjika. (Ingevunjika ingeniokoa.)

Wale wawili wa Ndoto wakajikuta uso kwa uso na Kibirizi.

"Jamani, hawa hapa!" akasema Mama. "Wasalimieni!"

Watu wakawapungia mikono. Mmoja akainua sangara mzima ili naye asalimie.

Mimi nilikuwa sakafuni, nyuma ya kompyuta, nimekalia ndoo iliyolala. Nikamsikia mama wa miwani akiuliza, huku akijizuia kucheka na akishindwa, "Je, tunaweza kuwauliza hawa maswali mawili matatu kuhusu Zawadi?"

"Hapana!" nikasema kwa Kiswahili, Kiingereza kimeshanikimbia.

"ANASEMA KARIBUNI SANA!" baba mdogo akawatafsiria wale wawili kwa Kiingereza. (Alinidanganyia! Mkalimani wa injili!)

Ndugu zangu, usaili wangu ukaendelea bila mimi.

Mama akaulizwa udhaifu wangu ni upi. Mzazi mwingine angefikiri kwanza. Mama akasema, "Alipata tisini na nane ya Kemia, akagoma kula. Anazililia zile mbili zilizobaki kama mfiwa."

Bibi akaongeza bila kuulizwa. "Ugali wake una mabonge. Mgonjwa asipewe."

Mchukuzi yule wa beseni akasema nikitembea nasoma, na kwamba niliwahi kuugonga mkokoteni wake uliosimama, kisha nikauomba radhi mkokoteni. Kweli, niliuomba. Sikujua kulikuwa na shahidi.

Kila jambo baba mdogo alilipeleka ng'ambo likiwa zima, pamoja na ishara za mikono.

Kisha Mama Rehema akasogea dirishani. "Mimi nina langu," akasema. "Rehema wangu alikuwa haelewi hesabu za sehemu. Mwalimu amechoka, mimi nimechoka. Huyu Zawadi akamkalisha pale kwenye chanja za dagaa, akagawa mafungu. Hili nzima, hili nusu, hili robo. Kila jioni. Mara wakaja na watoto wa jirani, wakajaa. Sasa hivi Rehema nikimtuma dukani ananihesabia chenji mpaka nakoma."

"Amina," watu wakasema, polepole.

"Ila dagaa zenyewe hakurudisha hata moja," Mama Rehema akamalizia.

Baba mdogo akatafsiri yote, pamoja na deni la dagaa.

Mama wa miwani akaniita, "Zawadi, uko wapi?"

Nikainua mkono kutoka sakafuni, nikakumbuka kamera inatazama kule, nikasimama, nikaigeuza. Nywele zimejaa vumbi la sakafu. Koti lina alama ya ndoo.

"Hili la watoto na dagaa mbona hukutuambia? Ni la kweli?"

"Ni la kweli," nikasema. "Sikujua kama ni kitu."

"Na kuogelea?"

Nikatazama dirisha. Mwalo wote unanitazama. Bibi amekunja mikono.

"Hapana," nikasema. "Maji nayaogopa. Na ile haikuwa redio."

Yule bwana wa upara akacheka mpaka akafuta machozi. Wakaniuliza maswali mengine kama matatu, ya kawaida, nikajibu kwa ufupi kama mtu aliyeshakufa ambaye hana tena cha kuogopa. Wakasema watatoa majibu baada ya wiki kadhaa. Wakaaga. Nikanyoosha kidole nikate.

"NA TUINAMISHE VICHWA!" akasema baba mdogo.

Ni mazoea yake. Mkutano haufungwi bila sala. Akaomba kwa Kiswahili, akajitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, akaombea chuo, akaombea intaneti, akaombea upara wa yule bwana ulindwe dhidi ya jua. Na wale wawili wakainamisha vichwa! Bando langu likaisha kabla ya amina.

Watu wakaingia ndani. "Umepata?"

"Sijui."

"Wamecheka sana," akasema Mama. "Mtu hawezi kucheka nyumbani kwako hivyo halafu akunyime."

Nikampigia Neema aniambie hesabu mpya ya nafasi yangu. Nilimsimulia yote. Hakujibu. Nilidhani mtandao umekata. Kumbe alikuwa ameziba mdomo kwa mto nisisikie anavyocheka.

Sasa ubaya wenyewe ndio huu unaokuja. Bibi amegoma kurudi Mwamgongo. Amesema nimewaambia wageni kwamba naogelea, na uongo ukishatoka mdomoni, dawa yake ni kuufanya uwe kweli. Kesho asubuhi napelekwa majini. Mama ameshatangaza mwaloni. Mama Rehema anawaleta wale wanafunzi wangu wote wa sehemu waje wanifundishe wao. Baba mdogo naye amenihakikishia kwamba atakuwepo, kusudi nikipiga kelele asiwepo mtu wa kukosa maana.

Ninyi bakini makwenu, nawaomba. Ila mwenye tyubu ya tairi la lori aniazime, hata kama ina viraka.