Kreni Yangu Haitoi Vumbi

Jumatatu, 6 Mei
Bosi anatafuta chombo kipya cha kupakulia saruji, ile isiyo kwenye mifuko, inayojazwa kwenye meli na matishari kama unga. Chombo kitakachoshinda, aliyekipendekeza anakuwa mkuu wa gati. Cheo ni changu! Mimi nataka kreni yenye ndoo ya meno. Mpinzani? Shemeji, kaka wa mke wangu, niliyemtafutia kazi mwenyewe! Yeye anataka mashine ya kufyonza. Bomba! Anywe saruji kama soda.

Jumanne, 7 Mei
Majaribio keshokutwa, kila mtu na tishari lake. Bosi kasema anachoangalia ni vumbi tu. Majirani wamechoka kuanua nguo za kijivu. Shemeji akatabasamu. Bomba lake halitoi vumbi. Kreni yangu ikichota, gati zima halionekani. Nyumbani mke wangu akauliza kama naumwa. Nikamjibu naumwa na kaka yake.

Jumatano, 8 Mei
Nimepata! Asubuhi mke wangu alinyunyizia maji uani kabla ya kufagia. Vumbi kimya! Mchana, wenzangu wakiwa wanakula, nikavuta mpira wa maji hadi tishari langu. Nikanyunyizia kidogo. Kisha kidogo tena. Kisha nikaenda kula, mpira nikausahau wazi. Hakuna neno. Shemeji kwisha habari yake.

Alhamisi, 9 Mei
Vumbi: hata chembe! Naomba hilo likumbukwe. Ndoo ilishuka, ikagonga, ikalia kama kengele. Ikashuka tena, meno mawili yakang'oka. Bosi akapanda juu ya saruji na viatu vyake vinavyong'aa, akatembea huku na huko, akauliza nani kaniruhusu kujenga ukumbi. Gati zima likacheka. Shemeji peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ijumaa, 10 Mei
Shemeji ndiye mkuu wa gati. Mimi nimepewa nyundo na tindo, nibomoe saruji ya tishari zima. Mke wangu kasema nikubali kosa. Kosa gani? Saruji ndiyo iliyokosa subira! Shemeji kaniletea chai humo humo ndani, akasema amemsihi Bosi asinifukuze. Machozi yalinilenga, nakiri. Lakini kwa ukarimu hanishindi! Nimechungulia bomba lake: unga wa saruji umeshikamana kwenye kuta zote, chafu kabisa. Kesho asubuhi, kabla hajafika, nitalisuuza lote kwa maji safi.