Hamira ya Mzee Anfinn

Jumanne, 2 Desemba
Nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Daktari kapanda juu kwa baba, kashuka, kavaa glovu bila kunitazama. Kasema tusihesabu Krismasi. Siku kumi, labda. Baba hataki dawa, hataki supu, hataki mchungaji. Anataka kikombe kimoja cha bia ya nyumbani, iliyochachuka kwa hamira ya nyumbani, ile ya babu wa babu yake. Akishainywa ataondoka kwa amani. Nimemwahidi. Nimelia kidogo kwenye ngazi, kisha nikaanza kupanga mipango.

Hamira ipo. Chupa moja, kwenye friji, nyuma ya siagi. Chupa moja tu duniani! Desturi ya bonde letu ni kugawa: unampa jirani, ili yako ikifa uifuate kwake. Upuuzi. Kitu cha kila mtu hakina mwenyewe. Tangu nirithi kazi hii sijampa mtu hata tone. Nyumba zinazotengeneza bia tumebaki mbili, yetu na ya jirani, Brynjulv. Miaka mitatu iliyopita alikuja na chupa tupu, yake imeharibika, akaomba ya kwetu. Nikampa hamira ya mkate ya dukani, nimeikoroga na mashapo ya bia. Karibu alie kwa shukrani. Nilicheka wiki nzima.

Alhamisi, 4 Desemba
Kibanda cha bia kimelala chini. Paa limebeba theluji mpaka likachoka. Dada yangu Gunnvor anasema alinikumbusha ile nguzo iliyooza tangu mwezi wa sita. Ni kweli, lakini hakunikumbusha kwa lugha nzuri. Pipa la kuchachulia limekuwa kuni. Sufuria kubwa ya shaba imesalimika. Basi nitatengenezea nje, na bia itachachukia humo humo.

Gunnvor kaniuliza kama nina akili timamu. Brynjulv kapita na skii zake, kasimama, kasema niende gereji kwake, kuna joto, kuna chombo cha chuma cha pua, kuna kipimajoto. "Njoo bwana, mzee ni wetu sote." Nikamjibu babu zangu hawakuwa na gereji. Anataka kuichungulia hamira yangu, huyo! Nimeweka sufuria nyuma ya ghala, chini ya paa, mahali ambapo dirisha lake halioni.

Jumamosi, 6 Desemba
Siku ndefu. Moto toka saa mbili asubuhi. Kuni mbichi, moshi machoni. Matawi ya eina, kile kichaka cha kutia bia harufu, nimeyakata kwa Brynjulv kabla hajaamka, maana vichaka vyangu vimezikwa na theluji na vya kwake viko barabarani. Nimechemsha maji pamoja na matawi, nimemwaga juu ya kimea, nimechuja. Utamu ulikuwa unanukia uani kote. Ndevu zimeganda. Kila nikipiga chafya barafu inadondoka.

Baba kagonga sakafu kwa fimbo. Gunnvor kaniletea ujumbe: poza mpaka joto la maziwa yanapotoka kwa ng'ombe, na usiwe na papara kama kawaida yako. Nikapoza kwa kuzungushia theluji. Ikafika. Nikatia hamira. Yote! Gunnvor kasema bakiza hata kijiko. Kijiko cha nini? Mwizi aje akikute?

Kisha ukelele. Ukitia hamira bila kupiga ukelele, umefanya kazi bure, hata mtoto wa huku anajua. Unainama juu ya sufuria na kupiga kelele kwa nguvu zako zote. Ukelele mkali, bia kali. Gunnvor kaniambia nitoke kwanza chini ya lile paa. Nikamwambia asinifundishe kazi ya ukoo. Nikavuta pumzi. Nikapiga ukelele ambao bonde hili halijausikia tangu enzi za babu.

Paa la ghala likaitikia. Theluji yote ya mwezi wa kumi na moja ikashuka, juu ya moto, ndani ya sufuria, juu yangu. Gunnvor alinichimbua kwa sepetu. Kasema, "Asiyesikia la mkuu..." na hakumalizia, alikuwa anahema. Baba kauliza kutoka juu huyo ni Sjur au ni paka kakanyagwa.

Jumapili, 7 Desemba
Hakuna povu. Hamira yetu kwa kawaida huumuka kabla hujamaliza kufua soksi. Leo kimya. Pembeni imeanza kuganda. Baba kauliza mara tatu. Mara tatu nimemwambia povu linapanda vizuri. Mungu anisamehe.

Nikajiambia haijafa, imelala kwa baridi. Nikawasha moto chini ya sufuria, kidogo tu, wa kuiamshia. Mara Brynjulv huyo, anauliza nani kamkatia matawi yake. Nikatoka kumkabili langoni. Nikamwambia ni kulungu. Kasema, "Kulungu wa mwaka huu wana misumeno, eti?" Tukabishana. Nilimshinda kwa hoja. Niliporudi sufuria ilikuwa inatokota.

Imepita mikono ya wazee watano. Imepita vita na njaa. Mikononi mwangu imeiva kama supu. Nilikaa kwenye theluji mpaka Gunnvor akaja kuniita. Aliona mwenyewe, akajifunika uso kwa aproni.

Jumatatu, 8 Desemba
Yako ikifa, ifuate kwa jirani. Nilishafika mlangoni kwa Brynjulv ndipo nikakumbuka nilichompa.

Nikatumia akili. Nikamuuliza kama mtu anayepiga soga tu: ile ya zamani, aliyopewa na baba, hakubakiza hata chembe? Kacheka. "Ile iliyochacha? Nilimwagia nguruwe, jirani! Hii uliyonipa wewe ndiyo hamira!" Kisha akanitazama vizuri, akaelewa yangu imekufa, wala hakunicheka. Bora angenicheka. Kafungua friji, kanipa chupa yote, kabakiza mashapo ya kupandia tena. "Si yangu hii, ni ya kwenu. Mpelekee mzee."

Nikasema asante. Ningesema nini kingine? Njiani niliapa nitawaambia ukweli, yeye, Gunnvor na baba. Nilipofika langoni nikafikiri upya. Mgonjwa wa miaka themanini na nane, ulimi wake unajua nini?

Jumanne, 9 Desemba
Nimetengeneza upya katikati ya ua, mbali na paa lolote. Brynjulv kaja kusaidia, na matawi zaidi ya eina kabeba mwenyewe. Kasimama kwenye baridi kwa saa sita akikoroga. Kipimajoto chake nimekikataa mbele yake, nikakitumia alipokwenda kujisaidia. Nimepiga ukelele wa adabu. Povu kabla hatujamaliza kahawa! Hamira ya dukani haina maringo. Brynjulv katokwa na machozi, kasema tazama, ukoo wenu haufi. Nimekohoa.

Baba hali tena. Midomo analoweshwa kwa kitambaa. Anasubiri kikombe tu.

Jumamosi, 13 Desemba
Nimekipandisha saa nne asubuhi. Kile kikombe chake cha mbao. Gunnvor kamwinua mgongo. Brynjulv kasimama mlangoni na kofia mkononi. Baba kanusa. Kanywa funda moja, kakaa nalo mdomoni muda mrefu. Kameza. Kafungua macho, akanitazama mimi, mimi peke yangu, akasema neno moja.

"Mkate."

Gunnvor kakimbia jikoni, karudi na kipande kilicholowekwa kwenye maziwa. Baba kageuzia uso ukutani. Saa sita alikuwa amekwisha kwenda.

Hakuwa anaomba mkate. Ninajua mimi na alijua yeye. Alitaka kitu kimoja, nikampa kingine, na akaenda akijua. Sijawahi kuona aibu kama hii. Nimeandika ili niliseme mahali fulani.

Ijumaa, 19 Desemba
Mazishi. Ardhi ilikuwa ngumu, kaburi lilichimbwa kwa mashine. Gunnvor alikuwa amemsimulia mchungaji neno la mwisho la baba. Mchungaji kalihubiri nusu saa nzima. Mzee Anfinn, aliyekataa kila kitu cha dunia, mwishoni aliomba mkate, nasi twajua ni mkate upi! Kanisa zima pua zinavuta. Brynjulv alilia kwa sauti. Nami nililia, kuliko wote, na watu wakanipapasa mabega wakisema pole Sjur, umempa baba yako mwisho mwema. Mdomo wangu ulifunguka niseme. Ikapita sinia, nikautia kipande cha keki.

Kwenye karamu ya msiba waliimaliza bia yote.

Jumamosi, 20 Desemba
Balaa! Watu wameguswa. Nyumba saba zinataka kuanza tena kutengeneza bia, kwa hamira ya Mzee Anfinn. Wamekuja mmoja mmoja na chupa zao tupu, wanafuta miguu mlangoni. Gunnvor, ambaye jana usiku nilimwambia ukweli, kaniambia hii ndiyo nafasi, wakusanye, waambie yote, utapumua. Nilifikiri sana. Karibu nimsikilize.

Lakini bonde zima likiwa nayo, mimi nitakuwa nani? Nimewaambia wote hapana, ni chupa moja tu duniani. Ile niliyokinga kwenye povu nimeihamisha kutoka kwenye friji. Hata Gunnvor hajui ilipo.

Imebaki ile ya Brynjulv, aliyoipandisha upya kwa mashapo. Roho yake inavyojua kugawa, wiki ijayo kila jikoni itakuwa na chupa. Kesho ni Jumapili, yeye ni msomaji wa zamu kanisani, na gereji yake haifungwi. Nitaingia, nitaimwaga, nitoke. Ikibaki kwangu peke yangu haitapotea tena.