Tangi la Babu Limevimba

Jumatatu, 9 Juni 2025
Babu Mwinyimadi amefika Visiga kutoka Maneromango na pikipiki yake ya zamani, ile yenye tangi jeupe la plastiki aliyoinunua misheni. Amekuja amesimama njia nzima! Tangi limevimba, bolti hazikutani na matundu, kiti hakikai. Kiti amekibeba mgongoni kwa kamba.

Baba amesema wazi. Babu anaondoka Jumamosi ya tarehe 5 Julai. Tangi lisipopona kabla ya hapo, pikipiki inauzwa chuma chakavu. Halafu Babu aje na nini kila mwezi, kwa magoti yale? Tutamwona Idi hadi Idi. Na Babu ndiye pekee anayesikiliza insha zangu hadi mwisho. Dada Maulida husikiliza aya ya kwanza, kisha hukumbuka vyombo.

Nitalitibu mwenyewe. Niko kidato cha pili, Fizikia naielewa.

Jumanne, 10 Juni
Kilichovimba hubanwa. Nimelizungushia tangi mipira minne ya kufungia mizigo, nikakaza kwa goti. Kifuniko kimeruka! Petroli yote kwenye kanga za Mama, zilizoanikwa tu. Mama amezikusanya zote akaanza kuzifua upya. Afadhali angenigombeza.

Maulida sasa ananiita Daktari wa Matangi.

Jumatano, 11 Juni
Nimekwenda kwa fundi Onesmo, barabarani. Nikamwamkia, nikaeleza. Alipofika kwenye mipira ilibidi aweke spana chini acheke vizuri.

Anasema petroli ya siku hizi ina michanganyiko, na plastiki ya zamani huinywa ikavimba. Kubana ni kazi bure. Nimimine mafuta yote, nilitoe tangi, nilianike wazi kivulini, mbali na jiko, wiki kama tatu. Baadaye lisilazwe na petroli kabisa: litiwe ya safari tu, na safari ikiisha, imiminwe. Nimeandika yote kwa mwandiko mzuri na kupiga mstari mara mbili.

Ijumaa, 13 Juni
Wiki tatu ni nyingi. Nikaona nilisuuze ili mambo yaende haraka. Nikalijaza maji, nikaliacha mlangoni.

Babu, kwa macho yake, akadhani ni dumu la maji. Akatawadha, akavaa kanzu, akaenda Ijumaa.

Msikitini safu nzima ilisogea. Mzee Hemedi alimuuliza kama pikipiki ameiegesha ndani ya kanzu. Ikabidi akatawadhe upya bombani. Nilimngoja uani nikitunga maneno ya kuomba radhi, lakini Babu alirudi anacheka hadi akashika ukuta. Akasema hajawahi kupata nafasi kubwa hivyo ya kusujudu.

Baba hakucheka. Amenikumbusha tarehe.

Jumapili, 29 Juni
Siku kumi na sita sijagusa kitu! Nimepima tu, kila asubuhi, kwa futi ya Mama ya kushonea.

Leo bolti imeingia. Kiti kimekaa! Babu amekikalia nusu saa hapo hapo uani, haendi popote. Baba aliizunguka pikipiki mara mbili, akasema basi, haiuzwi. Babu ameniambia niandae insha ya Agosti, iwe ndefu.

Nililia kidogo. Maulida akasema ni harufu ya petroli. Petroli gani, tangi kavu!

Jumanne, 1 Julai
Zimebaki siku nne. Hakuna atakayesema sikujiandaa. Nimelijaza tangi petroli hadi shingoni, mapema, Babu asihangaike Jumamosi. Nimeiweka pikipiki juani ili tangi lizoee.

Nimesoma tena maelezo ya fundi Onesmo, nikayapigia mstari wa tatu. Maelezo mazuri sana. Ile sehemu ya kumimina bila shaka ni kwa watu wasio na mpango.

Jioni bolti ya mbele imeanza kuchungulia nje. Si kitu. Mipira bado ninayo, yote minne.